Reli, Utitiri na Kirusi Kilicholala

Anthonie Cornelis Oudemans, mtaalamu wa wanyama kutoka Uholanzi, alikuwa na mapenzi mawili yasiyofanana hata kidogo. Mwaka 1892 alichapisha kitabu kinene cha kutetea kwamba joka la baharini ni mnyama wa kweli, na wasomi wenzake wakamcheka. Pendo lake la pili lilikuwa utitiri, ukoo wa kupe na buibui, viumbe wa miguu minane ambao wengi hawaonekani bila kioo cha kukuzia. Joka halijaonekana hadi leo. Utitiri ndio uliompa jina la kudumu, maana mwaka 1904 alieleza kidudu alicholetewa kutoka kisiwa cha Java, kilichookotwa kwenye kundi la nyuki wa Asia. Kilikuwa cha rangi ya hudhurungi, bapa, mapana yake yakizidi urefu, na hata kikikua kabisa hakikufika milimita mbili. Oudemans akakiita Varroa jacobsoni. Jina la kwanza lilimkumbuka Varro, Mrumi wa kale aliyeandika juu ya kilimo na nyuki, na la pili lilikuwa shukrani kwa Edward Jacobson, mtu aliyekiokota.

Kwa nusu karne habari hiyo ilibaki kuwa ya makabati ya makumbusho. Nyuki wa Asia, Apis cerana, alikwisha kuzoeana na mgeni wake. Varoa alizaa katika vyumba vya madume tu, na vibarua waliomwona juu ya miili yao walimng'ata na kumtupa nje. Dume changa likishambuliwa kupita kiasi lilikosa nguvu ya kutoboa kifuniko cha chumba chake, likafia humo, na varoa waliokuwa ndani wakafa nalo. Kundi lilipoteza madume machache na maisha yakaendelea. Hakuna mfugaji wa Java aliyekuwa na sababu ya kumwogopa mdudu huyo.

Miaka hiyohiyo, kwenye kisiwa cha Wight kusini mwa Uingereza, nyuki walianza kutambaa chini mbele ya mizinga, mabawa yakitetemeka, wasiweze kuruka. Maradhi yakavuka hadi bara na kuenea nchi nzima, na magazeti yakaandika kana kwamba nyuki wa Uingereza wamekwisha. Mwaka 1921 John Rennie na wenzake wa Aberdeen walitangaza kwamba wamempata mkosaji, nao ni utitiri wa aina nyingine, Acarapis woodi, unaoishi ndani ya mirija ya pumzi ya nyuki. Wamarekani waliingiwa na hofu. Mwaka 1922 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuzuia nyuki wa kigeni wasiingizwe nchini, na wengi wakaona kesi imefungwa.

Aliyeifungua upya ni Leslie Bailey wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, katika mji wa Harpenden. Alikuwa mtu wa kushuku mambo yaliyokwisha kukubaliwa, na kwa maoni yangu historia hii yote inamzunguka yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Alichunguza nyuki wenye utitiri wa mirija akaona kwamba wengi wao wanaruka na kufanya kazi bila shida. Kama ni hivyo, wale wa Wight walitambaa kwa sababu gani? Tangu 1913 ilijulikana Marekani, kwa kazi ya G. F. White, kwamba ugonjwa mmoja wa majana ya nyuki unaletwa na kitu kidogo kuliko bakteria, kinachopenya vichujio vya maabara. Bailey akawaza kwamba huenda nyuki wakubwa nao wana virusi vyao.

Akawasaga nyuki waliokuwa wakitetemeka, akachuja maji yao, kisha akawadunga nyuki wazima kwa sindano nyembamba. Mwaka 1963, pamoja na Gibbs na Woods, alichapisha matokeo, na virusi vilikuwa viwili. Cha kwanza kilileta kupooza kwa polepole, pamoja na mitetemo na kutambaa kulekule kulikosimuliwa Wight. Cha pili kilikuwa cha ajabu zaidi. Kiliwapooza nyuki na kuwaua kwa siku chache tu, lakini kilitoka pia katika nyuki waliokuwa wazima kabisa. Kilikuwa kimekaa ndani yao bila kuwadhuru. Ukiwalisha nyuki kirusi hiki kwa mdomo, inabidi uwape kiasi kikubwa mno ndipo waugue, ilhali chembe chache zikipita kwenye ngozi na kuingia mwilini zinatosha kuua. Bailey alikiandika kama jambo la maabara, ugonjwa ambao mizinga ya Uingereza haikuujua. Porini hapakuwa na sindano.

Sindano ilikuwa inaumbika mbali, Mashariki ya Mbali. Walowezi waliohamia pwani ya Pasifiki ya Urusi katika karne ya 19 na mwanzo wa 20 walisafiri na mizinga yao ya nyuki wa Ulaya, Apis mellifera, na reli ya kupita Siberia ikarahisisha safari hizo. Japani nayo iliagiza nyuki haohao tangu 1877, kwa kuwa wanatoa asali nyingi kuliko wale wa asili. Nyuki wa aina mbili ambao maelfu ya kilomita yaliwatenga tangu zamani za zamani wakajikuta wanachuma maua ya bonde moja na kuibiana asali. Katikati ya karne ya 20 varoa alivuka kutoka kwa mwenyeji wake wa kale kwenda kwa mgeni. Huko akakuta neema: nyuki wa Ulaya hawakumng'ata sana, na juu ya hayo aliweza kuzaa hata katika vyumba vya vibarua, ambao katika mzinga ni maelfu kwa maelfu, si mamia machache ya madume ya msimu mmoja.

Uzazi wake una hesabu kali. Varoa jike huingia katika chumba cha jana muda mfupi kabla vibarua hawajakiziba kwa nta, akajificha chini ya chakula. Chumba kikishazibwa hutoboa ngozi ya nyuki mchanga, na tundu hilo moja huwa meza ya familia nzima. Baada ya siku mbili na nusu hivi hutaga yai la kwanza, la dume. Yanayofuata ni ya majike, moja kila baada ya saa 30 au karibu na hapo. Dume huwapanda dada zake mlemle ndani na kufa bila kuona nje. Kibarua hukaa chumbani siku 12 hivi tangu kuzibwa, hivyo ni binti mmoja au wawili tu wanaowahi kukomaa na kutoka naye. Kwa macho ya mfugaji ongezeko hilo ni dogo. Misimu miwili au mitatu ikipita, ni maelfu.

Njia ya kurudi magharibi ilitengenezwa na binadamu. Malkia na makundi kutoka Mashariki ya Mbali yalisafirishwa hadi sehemu za Ulaya za Urusi ya Kisovieti, na mwishoni mwa miaka ya 1960 varoa alikuwa Bulgaria. Mwaka 1971 nyuki waliotoka Japani walimfikisha Paraguay, kisha Brazil. Ujerumani ilimwona 1977, Ufaransa 1982. Marekani, pamoja na sheria yake ya 1922, ilimpata 1987. Uingereza ilikuwa 1992, katika jimbo la Devon; Afrika Kusini 1997; New Zealand 2000. Mwaka huohuo wa 2000 Denis Anderson na John Trueman wa Australia walionyesha kwamba mdudu aliyeenea duniani hakuwa yule wa Oudemans hata kidogo. Wa Java alibaki kwao. Aliyesafiri ni ndugu yake kutoka bara la Asia, ambaye vinasaba vyake viliashiria Korea na Japani, na wakampa jina la Varroa destructor, mharibifu. Kwa muongo baada ya muongo, wataalamu walikuwa wameandika makala juu ya mdudu kwa jina lisilo lake.

Mwanzoni wengi waliamini kwamba nyuki wanakufa kwa kunyonywa. Kwa imani hiyo, tiba ni kuua utitiri basi, na viwanda vikaleta vipande vya plastiki vilivyopakwa sumu vya kuning'iniza kati ya masega. Miaka michache ilipita, kisha katika miaka ya 1990 varoa wa Italia wakaanza kutembea juu ya sumu hiyo wasife. Hata pale dawa ilipofanya kazi palikuwa na fumbo. Kundi moja lilibeba utitiri mwingi na kuendelea, jingine lenye utitiri mchache likaporomoka, na hata baada ya kutibiwa liliendelea kufa kwa majuma kadhaa.

Bailey na mwenzake Brenda Ball walikuwa wa kwanza kulikabili fumbo hili kwa uzito. Miaka ya mwanzo ya 1980 walipokea nyuki wagonjwa kutoka Japani na kupata kirusi ambacho hawakukijua. Nyuki aliyekibeba alitoka chumbani na tumbo fupi lililofubaa, na mabawa yaliyokunjamana yasiyonyooka kamwe. Hawezi kuruka, na katika siku chache wenzake humtupa nje au hujifia. Wakakiita kirusi cha ulemavu wa mabawa. Ball alipopima makundi ya Ulaya yaliyovamiwa na varoa alikuta pia kile kirusi cha kupooza kwa haraka cha mwaka 1963, safari hii katika nyuki waliokufa wenyewe mizingani, bila mtu yeyote kuwadunga. Mdomo wa varoa ulikuwa umeichukua kazi ya sindano ya Harpenden.

Kati ya virusi hivyo viwili, kilichoshinda ni kile kipole. Mwaka 2001 mtafiti Stephen Martin alilieleza jambo hili kwa hesabu, na hesabu yake bado naiona ni kati ya vipande vizuri vya fikra katika habari yote hii. Kirusi cha kupooza humuua nyuki mchanga akiwa bado chumbani. Varoa na wanawe hunaswa na mzoga, na kirusi hupoteza mchukuzi wake. Kirusi cha mabawa humwacha nyuki aishi hadi atoke, naye anapotoka, varoa wanatoka pamoja naye wakiwa wamekibeba. Wale ambao mabawa yao yamenyooka pia hawajapona, kwani huishi muda mfupi. Kwa kundi la Ulaya linaloingia majira ya baridi, wakati malkia amepunguza au ameacha kutaga, hilo ni janga: vibarua wanaopaswa kudumu miezi sita wanakwisha kabla ya maua ya kwanza. Martin alikadiria kwamba kirusi cha kupooza kingehitaji utitiri zaidi ya 10,000 ili kuangusha kundi. Kirusi cha mabawa kingelifanya hivyo na utitiri 2,000 hadi 3,600.

Hesabu ilitaka ushahidi wa nje ya karatasi, na ushahidi ulikuja Hawaii kwa bahati mbaya ya wafugaji wa huko. Visiwa hivyo viko peke yake katikati ya Pasifiki, na nyuki wake walikuwa hawajamwona varoa. Mwaka 2007 aligunduliwa Oahu, na mwaka uliofuata akawa Hilo, kwenye Kisiwa Kikubwa chenye mashamba ya kuzalisha malkia wanaouzwa nchi nyingi. Kauai na Maui vilikuwa bado safi. Kwa hiyo, mahali pamoja, chini ya jua moja na kwa nyuki wa ukoo mmoja, palikuwa na visiwa vilivyovamiwa na visiwa visivyovamiwa. Mtafiti hawezi kuliomba jambo kama hilo, hulikuta tu. Martin na wenzake, wa Hawaii na wa Uingereza, walipita kisiwa hadi kisiwa wakikusanya nyuki.

Matokeo yalitoka katika jarida la Science mwaka 2012. Pale ambapo varoa hakuwapo, kirusi cha mabawa kilikuwapo hata hivyo, katika takriban kundi moja kwa kila kumi, kwa kiasi kidogo na kwa aina nyingi tofautitofauti. Hakuna aliyejua kwamba kiko. Varoa alipofika, kilienea karibu kila kundi, na wingi wake ndani ya nyuki mmoja ukaongezeka mara milioni. Zile aina nyingi zikapotea, ikabaki moja inayotawala, nayo ndiyo iliyokuwa ikionekana kwingineko duniani. Utitiri ulikuwa umeichagua aina inayopitika mdomoni mwake, na kuieneza ikazifukuza nyingine. Oahu ilipoteza zaidi ya nusu ya makundi yaliyohesabiwa.

Kufikia hapo dunia ilikuwa imekwisha kuchoka na visa vya nyuki. Majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, wafugaji wa Marekani walikuta mizinga yenye asali, majana na malkia, lakini vibarua wametoweka. Magazeti yakataja simu za mkononi, mazao yaliyobadilishwa vinasaba, na mengine ambayo sina haja ya kuyarudia. Kisa kile kilikuwa na sababu nyingi zilizoshikana. Ila ningependa kusema kwamba kelele hizo ziliyafunika majibu yaliyokuwa yakitoka polepole maabara, na moja ya majibu hayo lina jina la kutoka kwetu.

Juliette Ongus, mtafiti wa Kenya aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu Wageningen, Uholanzi, aliwachukua varoa wenyewe badala ya nyuki na kutafuta virusi ndani yao. Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha ramani kamili ya vinasaba vya kirusi kinachofanana sana na kile cha mabawa, lakini chenye tabia moja ya ziada: kilikuwa kinajizalisha ndani ya mwili wa varoa. Mdudu alikuwa shamba la kirusi, wala hakukipitisha tu mdomoni. Leo wataalamu wanakihesabu kuwa ni tawi la pili la kirusi cha mabawa, tawi B, na limeenea sana Ulaya na Marekani, mahali pengi likiliacha nyuma tawi A.

Swali la kilikotoka kirusi lilijibiwa 2016. Wengi walidhani kwamba kilikuja na varoa kutoka Asia, mgeni na mzigo wake. Lena Wilfert na wenzake walifuata vinasaba vya sampuli kutoka nchi nyingi, na njia zote zikarudi kwa nyuki wa Ulaya mwenyewe. Kirusi kilikuwa cha nyumbani, kimelala katika mizinga kwa muda usiojulikana, na utitiri ulikiamsha na kukisambaza ukisafiri pamoja na biashara ya malkia. Kisha 2019 Samuel Ramsey wa Chuo Kikuu cha Maryland aligeuza hata imani ya kwamba varoa hunyonya damu. Aliwalisha nyuki rangi mbili zinazong'aa, moja ya damu na moja ya tishu ya mafuta, akaangalia ni ipi inayotokea tumboni mwa varoa. Ilikuwa ya mafuta zaidi. Tishu hiyo kwa nyuki ni ghala la akiba, tena ni kiungo kinachosaidia kinga ya mwili. Hapo ndipo varoa anapopenda kung'ata, na kirusi anachokiacha kinamkuta nyuki aliyepunguziwa silaha.

Huku Afrika Mashariki mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 2009 varoa alitambuliwa Kenya na Tanzania na watafiti waliokuwa wakikagua mizinga pamoja na kituo cha icipe cha Nairobi. Mwaka 2010 Elliud Muli na wenzake walipita maeneo 24 ya Kenya. Walimkuta varoa karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali, na kadiri walivyopanda nyanda za juu ndivyo utitiri ulivyozidi. Kati ya virusi saba walivyovitafuta walivipata vitatu, kirusi cha mabawa kikiwa kimoja, na penye utitiri mwingi aina za virusi ziliongezeka. Hapo ulitegemewa msiba, lakini makundi yenye varoa hayakuwa madogo kuliko yasiyo naye. Hakuna mfugaji wa Mbeere au wa pwani aliyekuwa ametundika kipande cha sumu ndani ya mzinga wa gogo.

Nyuki wetu, Apis mellifera scutellata na jamaa zake, wana tabia ambazo mfugaji wa Ulaya angeziita kasoro. Wanahama wakiudhika au ukame ukiwa mkali, na kundi linapohama linaacha nyuma masega pamoja na utitiri wote uliozibwa ndani yake. Wanagawanyika mara nyingi. Jana lao hukaa chumbani muda mfupi kidogo kuliko la Ulaya, na vibarua wao ni wepesi wa kutoboa chumba kisicho sawa na kumtupa aliyemo. Ushahidi wa nje ya bara upo pia. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika akawapeleka Brazil, na mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka karibu na Rio Claro. Wazao wao walienea Amerika Kusini, wakachukiwa kwa ukali wao. Varoa alipofika kutoka Paraguay walimvumilia, na hadi sasa wafugaji wengi wa Brazil hawatumii dawa.

Kwa hiyo huwa napata wasiwasi ninapoona mradi unaotaka kuleta malkia wapole wa Ulaya kwa wafugaji wetu, pamoja na boksi la vipande vya dawa. Dawa huwaokoa nyuki wasiojiweza pamoja na wanaojiweza, na utitiri unaobaki ni ule usiosikia dawa. Watafiti katika kisiwa cha Gotland, Sweden, walilijaribu hilo kwa ukatili mwaka 1999: makundi 150 yaliachwa bila tiba yoyote. Zaidi ya asilimia 80 yalikufa katika miaka michache ya mwanzo, lakini machache yaliyobaki yaliendelea kuishi na varoa.

Mwezi Juni 2022 varoa aligunduliwa katika mizinga ya ulinzi kwenye bandari ya Newcastle, Australia, nchi kubwa ya mwisho ya wafugaji iliyokuwa imesalimika. Serikali iliangamiza maelfu ya mizinga, na Septemba 2023 ikakubali kwamba mdudu hawezi kung'olewa tena. Uchunguzi uliochapishwa 2017 ulikuwa umewapima nyuki wa nchi hiyo bila kukikuta kirusi cha mabawa. Virusi vingine vimo, kile cha White cha mwaka 1913 kikiwa mojawapo, navyo hadi juzi vilipita hasa kwa mdomo na chakula. Sasa varoa anatoboa ngozi za nyuki wale kila siku kuanzia New South Wales kwenda mbele, na watafiti wanapima sampuli msimu baada ya msimu waone ni kipi kati ya virusi hivyo kitakachoanza kuongezeka, au kama kirusi cha mabawa kitashuka bandarini kabla yake.